Mjerumani Mwenye Kutoa Nyongeza

Mjinga wa siku ile alikuwa Hilali Abbasi mwenyewe, na tuliseme mapema kabla watu wa Kasulu hawajalisema kwa namna yao. Alitumikia upelelezi wa polisi mpaka nywele zikamkimbia. Alikamata wezi wa ng'ombe, wezi wa pikipiki, na hata jamaa mmoja aliyeiba kengele ya kanisa akakutwa anaitafutia mteja. Akastaafu, akafungua ofisi yake mwenyewe, na kazi ya kwanza ya maana aliyopewa akaitumia kumzika mtu asiye na kosa. Tena bila kuinuka kwenye kiti.

Kazi ilitoka kwa Mansuri, muuza nafaka mwenye duka moja Kasulu na jingine Kibondo. Mansuri alitaka programu ya kompyuta ya kusimamia maduka yote mawili. Aliambiwa kuwa siku hizi mtu anaingia mtandaoni, kwenye majukwaa ambako waunda programu wa dunia nzima wamejipanga kama nguo za mtumba, anachagua mmoja, na huyo anamfanyia kazi akiwa hukohuko kwao. Alijaribu mara moja akapata fundi aliyetoweka kabla hata salamu hazijaisha. Ndipo akamwita Hilali.

"Wewe ulikuwa unanusa uongo kwa mshahara wa serikali," alimwambia. "Sasa ninusie hawa. Jukwaa gani lina watu wa kweli?"

Hilali aliyalinganisha majukwaa matatu. Majina yao ya Kizungu yalikuwa yanamponyoka, akayapa ya kwake. La kwanza aliliita Mnada, maana kila mwenye kompyuta alipiga kelele bei yake na mwenye bei ya chini ndiye aliyeitwa. La pili, Mlango Mwembamba: hao walijisifu kwamba wanapitisha wachache tu, baada ya mtihani na mahojiano, na bei yao ilikuwa ya kumtoa mtu machozi. La tatu, Dalali: humjui unayemwajiri, unapewa "timu", na dalali anasimama katikati akitabasamu.

Pale Mnada alimwona binti mmoja wa Kibondo, Ininahazwe, mwenye sifa za wateja za miaka mingi. Binti alikuwa ameweka programu mpya ya duka la nafaka, mtu yeyote aijaribu. Hilali akaijaribu. Pale Mlango Mwembamba akamkuta Lucas Brandt wa Berlin, ndevu zimechongwa, naye ana programu ya duka la nafaka. Akaijaribu pia. Zilifanana kama mapacha.

Hapo mpelelezi akakaa vizuri. Aliuza mabakuli ya maharage kwenye programu ya binti, akaona ghala limepungua zaidi ya alichouza. Kosa la hesabu. Akafanya vilevile kwa Lucas: kosa lilelile, kiasi kilekile. Akajaribu sabuni za miche, kote kuwili hesabu ikatulia. Mchele wa bakuli, ikavuja tena. Hakujiuliza kwa nini sabuni haivuji. Alitazama kitu kimoja tu, kwamba programu ya Lucas ilitangulia kuwekwa mtandaoni. Akahitimisha: mtoto wa Kibondo amenakili kazi ya Mjerumani, amenakili mpaka na kosa lake.

Akabonyeza pa kuripoti wizi. Na kwa kuwa ujinga ukianza haupendi kuishia njiani, akamwandikia binti ujumbe kwa jina la duka la Mansuri: "Binti, acha kuiba kazi za watu. Tumekugundua."

Kesho yake simu ya duka ikaita. Mansuri akasikiliza, uso ukamkunjamana, akampa Hilali.

"Nipe aliyeniita mwizi," sauti ya kike ilisema.

"Ndiye mimi. Hilali Abbasi, mpelelezi."

"Mpelelezi! Umepeleleza wapi? Nyumbani kwangu hukuja, kazi yangu hukuniuliza. Wamefunga akaunti yangu, afande. Sifa zote za wateja wangu zimo humo. Wamesema nisipoleta uthibitisho kabla ya Ijumaa wanaifuta, na jina langu halifunguliwi akaunti tena. Njoo Kibondo unionyeshe nilichoiba."

"Binti, ushahidi..."

"Au unaogopa vumbi?"

Akakata. Mansuri, aliyekuwa ametega sikio lake lote, alimtazama Hilali kama mtu aliyeuziwa unga wenye mchanga.

"Shehe," alisema, "hukumuuliza hata neno moja?"

Hilali alichukua funguo za pikapu ya Mansuri na kuondoka.

*

Ininahazwe alifanyia kazi kwenye chumba cha uani, nyuma ya soko la Kibondo, betri ya sola chini ya meza na khanga dirishani kuzuia jua. Alikuwa msichana mwembamba mwenye macho ya kutokulala. Hakumkaribisha kiti. Mama yake, Vestina, alichungulia mara moja akitokea kwenye genge lake la maharage lililokuwa mbele ya nyumba.

"Huyu ndiye?" aliuliza.

"Ndiye, mama."

"Mbona mtu mzima!" Vestina alisema, akarudi kwenye maharage yake.

Hilali alitoa simu, akaanza kazi kama alivyofundishwa: ukweli mdogo kwanza, mkubwa nyuma.

"Programu hii umeiandika lini?"

"Mwaka jana, nikiwa kwenye mafunzo Kasulu. Mtandaoni nimeiweka juzijuzi."

"Ya Lucas imetangulia."

"Simjui Lucas. Jukwaa lake sijawahi kuingia, bei ya kule siyo ya watu kama sisi."

"Kuna kosa. Nikiuza maharage, ghala linapungua zaidi. Na ya Lucas hivyohivyo. Nieleze."

Kwa mara ya kwanza msichana alitabasamu, ila halikuwa tabasamu la kumfurahisha mgeni.

"Sikuelezi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ni mtu wa kubeba maneno. Nikikueleza utampelekea, kisha mtasema alikuwa anajua. Muulize yeye kwanza. Hapahapa, mbele yangu. Akijibu sawa, mimi ni mwizi."

Hilali alimtazama. Miaka yote ya polisi alikuwa anafundisha vijana kutenganisha watuhumiwa kabla ya kuwauliza, na leo mtuhumiwa ndiye anamkumbusha. Akaona aibu ikimpanda shingoni. Akaandika kwa Lucas, kama mteja: *Tumependa programu yako. Lakini tukiuza kwa bakuli, ghala linapungua zaidi ya tulichouza. Kwa nini?*

Jibu halikuchelewa, Kizungu chake kimenyooka: Samahani sana. Ni kosa dogo la hesabu. Timu yangu italirekebisha mara moja.

Ininahazwe alilisoma, akamrudishia simu.

"Basi nieleze sasa," Hilali alisema.

"Bado. Umenifungia akaunti bila kuniuliza. Na wewe fikiri kidogo."

Hilali alitoka nje akiwa na hasira, na hakujua vizuri anamkasirikia nani. Akiwa hapo kwenye genge la Vestina, akaona vibaya kupita mikono mitupu mbele ya mwanamke ambaye amemwitia mwanawe mwizi.

"Nipimie maharage, mama. Haya ya njano. Bakuli tatu."

Vestina alipima. Alijaza bakuli mpaka likafanya kichuguu, akamimina kwenye mfuko. La pili. La tatu. Kisha, bila kumwangalia, mkono ukarudi kwenye gunia, ukachota gao moja zima, ukalitupia mfukoni.

"Hizo za mwisho vipi?"

"Nyongeza. Hata kama sikupendi, siwezi kukupimia kama jiwe."

Hilali alibaki ameshika mfuko wazi. Amekula nyongeza tangu azaliwe. Mama yake mzazi alikuwa hanunui kwa mtu asiyeongeza. Gao lile halimo kwenye bei, lakini gunia linalijua. Na sabuni ya mche? Nani anakata kipande cha sabuni kukuongezea? Haiongezwi, ndiyo maana haivuji!

Akarudi uani karibu kukimbia.

"Ni nyongeza," alisema. "Umeiandikia programu nyongeza. Vya kupima kwa bakuli, basi."

"Ego, ndivyo," Ininahazwe alijibu. "Nimekua nyuma ya gunia la mama. Kila jioni hesabu inagoma, tunaulizana nani kala maharage. Hakuna aliyekula, ni mkono wake. Nikaiambia kompyuta ihesabu na mkono."

"Na Lucas anaiita kosa."

"Lucas hajui alichonacho."

"Mjerumani gani anatoa nyongeza!" Hilali alifoka, na sasa alijua anayemkasirikia. "Nimekaa Kasulu, nimekula maharage haya haya, nikaona picha ya mzungu nikaamini. Kwa sababu ni ghali! Pale Mnada nikakuona rahisi, nikasema huyu ndiye mwizi."

"Umesema wewe, afande. Mimi sijasema."

"Nani alikuwa na nakala ya programu hii?"

"Mtu mmoja tu. Mwalimu Stanislaus, mwenye kituo cha mafunzo Kasulu. Kila mwanafunzi alimkabidhi kazi yake, tukaambiwa ni ya maonyesho."

"Mtu mmoja siyo ushahidi. Anaweza kusema aliibiwa na yeye." Hilali alizunguka chumba, hatua chache tu kikaisha. "Lucas amesema timu yake itarekebisha. Anaweza?"

"Kama haelewi kwa nini iko pale, atavunja nusu ya programu. Atahitaji..."

"Atahitaji nani?"

Hakupata nafasi ya kujibu. Simu yake ilikuwa inatetemeka mezani, na jina lililotokea lilikuwa Mwl Stanislaus. Wakatazamana. Hilali aliwasha kinasa sauti kwenye simu yake, akaweka kidole mdomoni. Ininahazwe akafungua spika.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu! Umepotea sana wewe, au umeshaolewa?" Sauti ilikuwa nene, yenye ukarimu, sauti ya mtu aliyezoea kushukuriwa. "Sikiliza, kuna kazoezi kadogo. Ile programu yako ya ghala unaikumbuka? Kuna kakosa. Ukiuza kwa bakuli inapunguza zaidi. Nitolee hako kakosa leoleo."

"Kwa ajili ya nani, mwalimu?"

"Ya nani ya nini? Ya kukuweka mkono usipate kutu. Kuna mwenye duka mmoja hapa Kasulu analalamika maharage. Watu wa maduka unawajua."

"Mwenye duka ameipata wapi programu yangu?"

Mwalimu alikohoa.

"Binti, wewe fanya. Mambo ya wateja niachie."

Simu ikakatika. Vestina alikuwa amesimama mlangoni, bakuli bado mkononi.

"Yooo!" alisema taratibu. "Kumbe mwizi anakuja kumwomba mwenye mali amsaidie kuziba tundu."

"Kesho asubuhi nitakuwa kwake," Hilali alisema. "Binti, utakuja?"

"Atakuja," Vestina alijibu. "Na mimi nakuja. Genge litafungwa."

*

Njiani Hilali aliendelea kuuliza, taratibu safari hii, na kila jibu lilimwongezea joto. Mtihani wa Mlango Mwembamba nani aliufanya? Ininahazwe. Aliambiwa ni mtihani wa kumaliza mafunzo, akashangaa ugumu wake, akaupasua. Mahojiano? Mwalimu alikaa mbele na vipokea sauti masikioni, kamera imezimwa, anaongea Kizungu. Yeye kando yake anamwandikia majibu. "Tuliambiwa ni igizo, tujifunze kujibu waajiri." Na kazi za "timu" walizopewa kila wiki kama mazoezi? Hilali alisimamisha pikapu kando ya barabara, akafungua jukwaa la Dalali kwenye simu, akamwonyesha sifa za timu moja ya Ulaya. Msichana alizipitia akitaja moja moja: hii yangu, hii ya mwenzangu wa Kumsenga, hii tuliifanya wote, umeme ukakatika tukamalizia kwa mshumaa.

Majukwaa matatu, na mikono ileile. Kwa Mnada iliitwa rahisi, kwa Mlango Mwembamba iliitwa bingwa, kwa Dalali ikaitwa timu. Mansuri alikuwa tayari kulipa ghali ili aupate Berlin mkono uliokuwa umbali wa safari ya asubuhi moja, na mwenye mkono huo alikuwa anafungiwa mlango kwa kufanana na yeye mwenyewe.

Kituo cha Stanislaus kilikuwa na vioo na zulia. Mwenyewe alivaa koti, akainuka kwa bashasha, ila bashasha ikapungua kila mgeni alipoingia: Hilali, kisha Ininahazwe, kisha Vestina na kapu lake.

"Karibuni! Mwanangu, umeleta marekebisho mwenyewe? Ungetuma tu."

"Mwalimu," Hilali alisema akikaa, "unamjua Lucas Brandt?"

"Lucas? Mshirika wetu. Yuko Ujerumani."

"Mmeonana?"

"Siku hizi watu wanaonana mtandaoni, mzee wangu."

"Yupo hewani sasa?"

"Nitajuaje? Huko kwao sasa hivi labda amelala."

"Ngoja nimsalimie." Hilali alitoa simu, akaandika neno moja, *Shikamoo*, akalituma kwa Lucas.

Kompyuta iliyokuwa mezani kwa Stanislaus ikalia, *kling*.

Hilali akatuma tena. *Kling*.

"Berlin pamesogea sana," Hilali alisema. "Wameweka lami nini?"

Stanislaus alifunga kompyuta kwa kiganja, taratibu, kama anayefunika chakula. "Ninyi hamwelewi hii biashara. Akaunti ya Lucas inasimamiwa hapa. Utaratibu wa kawaida."

"Basi Lucas anieleze kwa nini programu yake inapunguza maharage na haipunguzi sabuni."

"Ni kosa. Nimeshasema ni kosa."

"Umeshasema wewe, au amesema Lucas?"

Mwalimu alijishika tai.

Hilali aliweka simu mezani, akaifungulia sauti ya jana. *Nitolee hako kakosa leoleo.* Stanislaus alijisikiliza mpaka mwisho. Ukarimu uliokuwa kwenye sauti ile sasa ulisikika kama kitu kilichooza.

"Hii naituma kwao majukwaa yote matatu," Hilali alisema. "Pamoja na taarifa yangu, na ndani yake naanza na kosa langu mimi, kwamba niliripoti bila kuuliza. Lakini wao wakichunguza itapita Ijumaa, na akaunti ya binti itakuwa imefutwa. Ukiandika wewe kwa jina la Lucas kwamba kazi ni ya Ininahazwe, wataifungua leo. Fungua kompyuta."

"Na mimi nibaki na nini?"

"Na jina lako. Ulikuwa hulitumii."

"Afande, usinitishe!" Sasa koti lilikuwa limeachia vifungo na mtu aliyekuwa ndani yake ametoka. "Mnaniita mwizi? Nani aliwafundisha hawa? Nani aliwapa meza, umeme, mtandao? Nilikuta watoto wanajua kompyuta kama wanavyojua ndege, kwa kuiona juu. Leo Ininahazwe anapita mtihani unaowaangusha Wahindi na Warusi. Nani kamfikisha?"

"Umenifundisha, mwalimu, na shukrani nilikupa," Ininahazwe alisema. "Mtihani nilipita mimi. Mbona cheti kilikwenda Berlin?"

"Kwa sababu kwa jina lako kingerudishwa! Unadhani ule mlango ungekufungukia? Wakisoma Kibondo wanauliza ni dawa au ni ugonjwa. Nimeomba kwa jina langu mwenyewe mara ngapi, hata jibu sikupewa. Siku niliyoomba kwa jina la Lucas, walijibu kabla chai haijapoa. Hasira hizo wapelekeeni wao!"

Na hapo Hilali alitazama zulia, kwa kuwa katika yote yaliyosemwa chumbani mle hilo lilikuwa kweli. Yeye mwenyewe alikuwa ameona ndevu za kuchongwa akaamini. Stanislaus aliiona nafasi, akaingia nayo kwa nguvu.

"Jina ni nguo tu. Unavaa inayokupitisha getini. Wewe, mama," alimgeukia Vestina, "ungenielewa kuliko wote. Familia ya wakimbizi. Mnajua maana ya kuishi. Jina la binti yako, mtu hata kulitamka hawezi, limemsaidia nini? Nimempa jina linalofunguliwa milango, mnanijia na polisi mstaafu!"

Vestina aliinuka. Aliweka kapu chini ya kiti, akajifunga khanga upya kiunoni.

"Mama yangu alikimbia vita, mwalimu. Alivuka mpaka mimi nikiwa mgongoni, vyungu akaviacha, mbuzi akawaacha, wafu wake akawaacha. Majina yetu tulivuka nayo. Wewe umekimbia nini, hata ukaliacha la kwako?"

Stanislaus alifungua kompyuta, akaanza kuandika.